Hodi mara 288 kwa siku

Simu ya Bi Mkubwa ilinikuta Forodhani, bakuli la urojo mkononi. Nikaliweka ukutani nikapokea.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, mimi nimefunga?"

"Umefunga nini?"

"Nyumba! Kuna Mtaliano kaniandikia WhatsApp, ati tangu jana anataka kuweka nafasi na kila akifungua hapati kitu. Kaniuliza kama tumeacha biashara."

Bi Mkubwa ana nyumba ya wageni ya vyumba saba kule Jambiani. Tovuti yake mimi ndiye niliyeijenga, na mimi ndiye ninayelipwa kuiangalia. Nikaifungua pale pale kwa simu: ukurasa mweupe, hata herufi moja hakuna. Julai hiyo, wageni wamejaa kisiwani. Kumbe diski ya seva, ile kompyuta inayobeba tovuti, ilikuwa imejaa mafaili ya makosa ambayo hakuna aliyeyafuta, databezi ikakosa pa kuandika, ikagoma. Kuitengeneza kulinichukua dakika ishirini. Kilichoniuma ni njia iliyopita habari yenyewe: imetoka kwenye seva Ujerumani, imekwenda kwa mgeni Italia, imekuja kwa bibi Jambiani, ndipo ikanifika mimi mjini, fundi mwenyewe, wa mwisho kujua, na urojo ushapoa.

Usiku ule nikaanza kutafuta chombo cha kunipigia kelele kabla ya Bi Mkubwa. Sharti lilikuwa moja tu, kiwe bure. Nilikuwa na tovuti 14 mikononi: nyumba za wageni, wapiga mbizi wa Nungwi, muuza viungo wa Darajani, skuli moja ya Wete, na wengine wanaolipa wakikumbuka. Hakuna hata mmoja ambaye ningeweza kumwongezea gharama kwa kitu asichokiona.

Kwa asiyevijua, vyombo hivi kazi yao ni kupiga hodi. Kompyuta iliyo mbali inaigongea tovuti yako kila baada ya muda fulani. Tovuti ikijibu namba 200, hiyo ndiyo "karibu". Ikijibu 500 au 503, au isijibu kabisa, chombo kinakutumia ujumbe. Ngazi za bure nyingi, yaani huduma ya chini isiyolipiwa, hupiga hodi kila dakika 5, yaani mara 288 kwa siku. Sijui mgeni mwingine mwenye subira hiyo.

Nikaanza kuchagua kwa hesabu. UptimeRobot ilikuwa inatoa bure nafasi 50 za kuangalia tovuti, kila dakika 5. Better Stack nafasi 10, kila dakika 3. StatusCake nafasi 10, kila dakika 5. HetrixTools nafasi 15, kila dakika 1. Nikachora jedwali kwenye daftari, nikajumlisha, nikagawanya, nikachagua kama mtu anayechagua fungu la machungwa kwa wingi bila kulionja. Sitasema nilichukua kipi, kwa sababu yaliyofuata hayakuwa makosa yake. Nikajiandikisha, nikaweka anwani zote, taa zote zikawa kijani, nikalala usingizi wa mtu mwenye mlinzi.

Miezi mitatu baadaye kadi yangu ya benki iliisha muda. Kampuni iliyonihifadhia tovuti tatu kati ya zile 14 ikajaribu kukata pesa yake, ikashindwa, ikaniletea barua pepe mbili ambazo sikuzisoma, na Ijumaa jioni ikanisimamishia akaunti. Haki yao. Jumatatu asubuhi muuza viungo akanipigia. Hakunipa hata salamu, na kwa Mzanzibari hiyo peke yake ni habari kubwa. Tovuti yake ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba akaunti hii imesimamishwa, kama mtu aliyebandikiwa deni lake mlangoni. Mteja wake wa Dubai ndiye aliyempigia picha akamtumia.

Nikafungua chombo changu. Kijani. Asilimia 100 kwa wiki nzima.

Nilikaa nikaitazama ile kijani kwa muda. Kisha nikaifuatilia hatua kwa hatua nikaona ilivyokuwa. Akaunti ikisimamishwa, seva ile ilikuwa inamchukua mgeni na kumpeleka kwenye ukurasa mwingine wa tangazo, na huo ukurasa wa tangazo wenyewe ulikuwa mzima wa afya, unajibu 200 bila wasiwasi. Umepiga hodi, mtoto wa jirani anayecheza uani kaitika "karibu!", nawe ukaondoka umeridhika kuwa wenyewe wapo. Kumbe nyumba tupu. Chombo kilikuwa kimefanya nilichokiomba: kimegonga na kimeitikiwa. Kumtazama aliyeitika sikuwa nimekituma.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa chombo chochote ni hili: je, bila malipo kinaniruhusu kutaja neno ambalo lazima lionekane kwenye ukurasa? Vingi vinaruhusu. Neno lisipoonekana, hiyo ni hitilafu, hata jibu likiwa 200. Ila kuchagua neno nako kuna elimu yake. Mwanzo niliweka jina la biashara. Jina la biashara limo kwenye kichwa cha ukurasa, na kichwa hutoka hata kama mwili umekufa. Kwa Bi Mkubwa sasa nimeweka neno lililo ndani ya fomu ya kuweka nafasi, chini kabisa, ambalo haliandikwi mpaka programu iende ikasome bei za vyumba kwenye databezi. Neno hilo likionekana, najua nimepita ukumbini nimefika mpaka jikoni.

Kwa skuli ya Wete niliweka neno la kwenye orodha ya matangazo. Likizo ya Desemba mwalimu akaingia akafuta matangazo yote ili aanze mwaka safi. Nikaamshwa usiku wa manane kwa tovuti isiyoumwa hata jino.

Na hiyo saa ya kuamshwa ina kisa chake. Siku moja ujumbe ulikuja kwa barua pepe: imezimika 23:10, imerudi 23:52. Nikausoma asubuhi, nikamwambia Bi Mkubwa tovuti ilizima saa tano na dakika kumi usiku. Kisha nikawaandikia watu wa seva barua kali, na saa nikawawekea. Wakanijibu kwa upole kwamba muda huo kumbukumbu zao hazionyeshi kitu. Hitilafu wanayoiona ni ya saa tatu mbele. Chombo kilikuwa kinahesabu kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Ilikuwa saa nane na dakika kumi usiku. Wenzetu wana saa mbili za kuchanganya, ya UTC na ya ukutani. Sisi tuna na ya tatu, ile inayoanza jua likichomoza, na Bi Mkubwa haijui nyingine zaidi ya hiyo. Siku hizi, kabla sijaweka anwani hata moja, naingia kwenye mipangilio nabadilisha saa. Orodha nyingi Zanzibar haimo. Unachagua Dar es Salaam, hakuna ubaya.

Barua pepe nayo haiamshi mtu. SMS za vyombo hivi hulipiwa. WhatsApp, ambayo ndiyo iliyo mkononi mwa kila mtu, kwenye ngazi za bure huikuti kirahisi. Nikaishia kwenye Telegram: unamwandikia BotFather, boti ya Telegram yenyewe inayotengeneza boti nyingine, anakupa boti na ufunguo wake, unaubandika kwenye chombo, boti unaiingiza kwenye kundi, umemaliza. Dakika tano. Nikaliwekea lile kundi mlio wake peke yake, mkali, ambao mke wangu anauchukia.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Anayefanya kazi kwa intaneti hapa kwetu haisahau. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ya Tanzania nzima ikawa mahututi. Kupiga simu unapiga, lakini kurasa hazifunguki, ujumbe unazunguka tu. Bi Mkubwa akanipigia, muuza viungo akanipigia, wapiga mbizi wakanipigia. Nilihangaika weee mpaka nikafanikiwa kufungua chombo changu kwa nusu dakika. Kijani zote 14. Na safari hii si kwa mtoto wa jirani. Zilikuwa hewani kweli. Seva ziko Ujerumani, anayegonga yuko Marekani na Ulaya, wote wamesimama ng'ambo moja ya bahari wanaitikiana. Mtaliano huenda alikuwa anaweka nafasi yake kwa raha zake. Asiyeweza kuiona nafasi hiyo alikuwa Bi Mkubwa.

Basi ikanibidi niulize jambo ambalo halikuwa kwenye jedwali la daftari: anayepiga hodi amesimama wapi? Kwa nyumba ya wageni ya Jambiani, ambayo wateja wake wako Ulaya, anayegonga kutoka Ulaya ndiye anayesema ukweli. Kwa muuza viungo, ambaye nusu ya oda zake zinatoka mjini hapa hapa na Dar, mtu wa Ulaya anaweza kumwambia yuko wazi siku nzima na asiingie mteja hata mmoja. Ngazi za bure mara nyingi hukuchagulia wenyewe pa kugongea, na Afrika Mashariki sijaikuta kwenye orodha ya bure niliyoitumia.

Nikaamua niwe na jicho la nyumbani. Mwaka 2021 mtengeneza programu mmoja, Louis Lam, alitoa programu huria ya kuangalia tovuti, unaiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe bila kulipa. Inaitwa Uptime Kuma. Ndiyo, umesoma vizuri. Kwa Kijapani maana yake ni dubu, na aliyeipa jina hakuwa na habari na sisi. Nyumbani kwangu inaitwa Dubu, na humu itaitwa hivyo.

Dubu ana ukurasa wa hali ya tovuti ambao unaweza kumwonyesha mteja. Nilipoumaliza wa Bi Mkubwa nikamtumia kiungo kwa fahari. Hazikupita dakika mbili, mjukuu wake akanipigia, anaongea kwa kunong'ona: "Kaka, huku chini ya ukurasa pameandikwa nini? Bibi yuko barazani na wenzake, simu inazunguka mkono kwa mkono." Kuna kitufe cha kuuficha ule mstari wa chini wenye jina la programu. Kitafute kabla ya kitu kingine chochote.

Jina tukiliacha, kwa kazi Dubu hana mwenzake. Hana kikomo cha idadi ya tovuti. Ukitaka agonge kila sekunde 20 atagonga. Anatafuta neno. Anakupa nafasi ya kumwambia ajaribu tena mara tatu kabla ya kupiga kelele, na mpangilio huo peke yake umeniokolea usingizi mwingi. Cheti cha usalama cha tovuti kikikaribia kuisha anakukumbusha siku 21 kabla, kisha 14, kisha 7. Hilo lilikuwa dogo zamani. Sasa ni kubwa, kwa sababu Let's Encrypt, ambao vyeti vyao vya bure huishi siku 90, waliacha kutuma barua za kukumbusha Juni 2025.

Nilimweka kwenye laptopu mkweche ofisini kwangu Mwanakwerekwe. Wiki ya pili, saa tisa usiku, umeme ukakatika. Laptopu ina betri, ruta haina. Dubu akagonga, kimya. Akagonga ya pili, kimya. Kwa macho yake dunia yote ilikuwa imekufa, tovuti 14 nyekundu, na alipotaka kunieleza hakuwa na njia. Umeme uliporudi alfajiri, mlio mkali ukaanza: imerudi, imerudi, imerudi, mara 14 mfululizo. Nilitumiwa pole 14 za msiba ambao sikuambiwa na wala haukutokea. Mke wangu akauliza kama na mimi nimerudi.

Nilijiona mjinga kuliko siku zote. Mimi ni mtu niliyekaa kizani mwezi mzima mwaka 2008, umeme wa kutoka bara ulipokatika, na tena tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, tunachota maji visimani kwa sababu pampu hazina umeme. Halafu mtu huyo huyo anamfunga mlinzi wake kwenye soketi ya ukutani na kulala. Ruta nikainunulia betri yake ndogo. Na kwenye orodha ya Dubu, juu kabisa, nikaongeza mstari mmoja wa kugonga 1.1.1.1, anwani ya kampuni ya Cloudflare ambayo karibu daima huitika, na haina uhusiano wowote na wateja wangu. Mstari huo ukiwa mwekundu, walio chini yake wote siwasikilizi; mgonjwa ni mimi.

Mwishoni mwa 2024 UptimeRobot ilibadilisha masharti: ngazi ya bure ni ya matumizi binafsi, yasiyo ya biashara. Siwalaumu, na wenzao wa Pingdom, chombo kingine cha namna hiyo, walishaiondoa kabisa ngazi yao ya bure tangu 2019. Nyumba ya wageni ni biashara, na fundi anayelipwa kuiangalia naye yuko kazini. Nikapita kwenye masharti ya vyombo vyote nilivyokuwa navyo, kwa mara ya kwanza nikiyasoma kweli, nikabakisha viwili tu ambavyo dhamiri ilinikubalia. Kisha nikakodi seva ndogo nje, kama dola 5 kwa mwezi, nikaweka Dubu wa pili. Ukigawa kwa wateja 14 haifiki shilingi 1,000 kila mmoja. Bure ya kweli imekwisha hapo, lakini nimeilipa nikiwa najua ninacholipia. Seva hiyo niliikodi kwa kampuni nyingine, mbali na zinakokaa tovuti. Mlinzi asilale chumba kimoja na mali.

Nani sasa anamwangalia Dubu wa nje? Hapa nilipata kitu ambacho ningekipenda hata kama kingekuwa cha kulipia. Healthchecks.io hakigongi kabisa, kinangoja kugongewa. Unakiambia: Dubu wangu atakupa salamu kila dakika 5, akinyamaza, niambie. Bure unapata nafasi 20 za namna hiyo. Mke wa mvuvi wa Kojani mume akiwa dago, kambi ya uvuvi wa mbali, hapigi simu kila saa. Anajua ngalawa hurudi lini, na siku isiporudi, kimya chenyewe ndiyo habari. Nafasi nyingine nimezitumia kwa kazi za usiku za kunakili data. Zile hazina mlango wa kugongewa, na zikifa hufa kimya kimya, unakuja kugundua siku unayoihitaji nakala.

Bi Mkubwa alipoelewa kwamba kuna kundi la Telegram linalosema tovuti yake ikoje, akataka aingizwe. Nikamwingiza, pamoja na ripoti ya kila mwezi. Ya kwanza ilikuwa asilimia 99.2.

"Mashaallah," akasema. "Kuna watoto wanafaulu kwa arobaini."

Nikamweleza kuwa sifuri nukta nane iliyopungua ni karibu saa 6 kwa mwezi mzima, mlango umefungwa na wageni nje. Kampuni ya seva imeahidi 99.9, ambayo ni dakika 43. Akanyamaza kidogo. "Saa sita za mchana au za usiku?" Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mteja. Zilikuwa za usiku wetu, ambao kwa Mmarekani aliyetoka kazini ndio jioni ya kupanga safari. Mwezi uliofuata tulihama seva.

Juzi asubuhi, sijamaliza chai, akapiga simu ya kawaida.

"Mwanangu, tovuti imekufa, na hilo dubu lako limelala."

Nikatazama. Dubu wa nje kijani, neno la fomu lipo. Dubu wa Mwanakwerekwe kijani, 1.1.1.1 kijani. Nikaifungua tovuti kwa simu yangu: vyumba saba, bei, picha za bahari imekupwa.

"Kwangu inafunguka, Bi Mkubwa. Hebu fungua YouTube."

Kimya. Nikamsikia anagonga kioo kwa ukucha.

"Haifunguki nayo."

"Bando lako liliisha lini?"

Kimya kirefu zaidi. Jogoo wa jirani yake akawika mara mbili.

"Basi niunganishie," akasema.

Nikamtumia la siku saba.